Jinsi ya kuitangaza taasisi ya uhifadhi wa majengo ya kale mitandaoni, hatua kwa hatua

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taasisi nyingi za uhifadhi wa majengo ya kale zinaendeshwa kwa imani hiyo: jengo ni zuri, lina umri mkubwa, basi watu watakuja wenyewe. Hawaji. Jengo zuri lililozungushiwa mabati ya ujenzi halijiuzi, na boriti iliyooza juu ya dari haimwiti mtu. Mpita njia anaona vumbi tu. Siku akisikia kwamba jengo hilo linabomolewa kupisha maegesho ya magari hatakuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kilichomo.

Kazi yangu ni kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii za watu wa uhifadhi, na kuna jambo linalojirudia kila ninapofanya kazi hii. Watu hawafuatilii jengo, wanafuatilia kazi. Picha ya jengo lililokamilika wanaipa alama ya kupenda na kupita. Video ya mikono inayobandua tabaka la tano la rangi kwenye mlango wa kale wanaitazama hadi mwisho, wanauliza maswali, wanamtumia shemeji mwenye mlango kama huo. Mwongozo huu wote unasimama juu ya hilo.

Hatua ya 1: Andika unachotaka mtu afanye

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, kaeni mezani muandike sentensi moja: mtu akiona machapisho yetu, afanye nini? "Kuelimisha jamii" si jibu, kwa sababu hakuna atakayejua kama limefanyika. Jibu ni tendo. Aje kutembelea siku ya milango wazi, yaani siku jengo linapofunguliwa kwa umma. Achangie paa. Ajitolee Jumamosi moja. Atie saini pingamizi dhidi ya ubomoaji. Aombe ushauri kabla ya kukarabati nyumba yake.

Chagueni tendo moja liwe kuu kwa miezi mitatu, mengine yafuate nyuma yake. Mkitaka yote kwa wakati mmoja, kila chapisho litakuwa na maombi manne na msomaji hataitikia hata moja.

Kama bado hamjaamua, mimi huwashauri watu waanze na lile la mwisho, yaani wenye nyumba. Sehemu kubwa ya majengo ya kale si makumbusho. Ni makazi, maduka, shule, nyumba za ibada. Hatima yake haiamuliwi kwenye mikutano ya wataalamu, inaamuliwa na mwenye nyumba aliyechoshwa na ukuta unaomenyeka akanunua mfuko wa saruji. SPAB, chama cha kulinda majengo ya kale cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris pamoja na wenzake, tangu mwanzo kilisisitiza kwamba jengo huokolewa kwa matunzo madogo ya kila siku, si kwa kulisubiri lianguke kisha kulijenga upya liwe kama jipya. Wazo hilo linafaa mno mitandaoni, kwa sababu matunzo madogo ya kila siku ni habari ndogo za kila siku. Ukizibua mfereji wa maji ya paa, una chapisho.

Hatua ya 2: Chagua mitandao miwili, si sita

Mtandao unachaguliwa kwa kumfuata mtu wa hatua ya kwanza. Kwenye Facebook kuna wenye nyumba, wazee wa mtaa na vikundi vya picha za zamani, na hapo ndipo kumbukumbu za jengo hupatikana kuliko pengine popote. Instagram ni ya wapenda picha na wageni wanaopanga safari. TikTok humfikisha kwako mtu asiyekujua kabisa, na hilo ni muhimu kwa taasisi isiyo na jina. YouTube ni pa watu wanaotafuta jibu: mtu anayeandika "ukuta unatoa unyevu" leo anaweza kukutana na video uliyoipandisha miaka mitatu iliyopita. Wafadhili na wasanifu majengo wako zaidi LinkedIn. Kundi au chaneli ya WhatsApp ni kwa wale ambao tayari ni watu wenu.

Mkiwa na mtu mmoja tu wa kazi hii, tena wa muda, miwili inatosha. Ukurasa uliokaa kimya mwaka mzima humwambia mgeni kwamba taasisi imekufa, kwa hiyo ni heri kutokuwa nao.

Fungueni akaunti kwa baruapepe ya taasisi, si ya kijana anayejitolea ambaye mwakani atakuwa amehamia mji mwingine. Wawepo wasimamizi wawili au zaidi, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Nenda eneo la kazi, uanze kurekodi kazi yenyewe

Hapa ndipo penye mali, na ndipo taasisi nyingi hazifiki. Pitia kurasa zao utaona viongozi wameshika mkasi wa utepe, washiriki wa warsha wamesimama safu tatu, salamu za sikukuu. Mita ishirini kutoka hapo fundi anafanya jambo ambalo watu wachache duniani bado wanaliweza, na hakuna aliyeshika simu.

Fikiria mambo ambayo kwenu ni ya kawaida. Mawe ya chokaa yaliyochomwa yakimwagiwa maji hutokota, yanatoa mvuke, yanapasuka na kugeuka uji mweupe, bila moto wowote chini yake. Kwa fundi ni Jumatatu tu. Kwa mtazamaji ni ajabu. Seremala anayekata sehemu iliyooza ya boriti na kuunga mti mpya kwa kiungo kilichochongwa, ili robo tatu ya boriti ya zamani ibaki mahali pake, ana kisa chenye mwanzo na mwisho. Ukichukua kisu cha upasuaji ukakwangua rangi ya dirisha eneo dogo kama ukucha, kila tabaka litajitokeza na rangi yake: kijani, krimu, buluu, nyekundu ya zamani kabisa. Hiyo ni historia ya nyumba nzima katika sekunde kumi.

Ushahidi kwamba kazi huvuta watu haujifichi. Huko Burgundy, Ufaransa, tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga ngome mpya ya Guédelon kwa mbinu na zana za zama za kati, na wageni hulipa kiingilio kwenda kutazama jengo ambalo halijaisha. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, uliojengwa mwaka 1907, hupakwa upya udongo na wakazi kwa desturi ya kila mwaka, na picha za siku hiyo ya kupaka, watu wakipanda kuta kwa ngazi na mabeseni ya udongo, zimezunguka dunia kama zilivyozunguka picha za msikiti wenyewe.

Sasa utaratibu. Kila eneo la kazi chagua sehemu tatu ambazo utazipiga picha kila unapokwenda, kutoka mahali palepale, kwa urefu uleule. Weka alama ardhini kwa chaki au rangi, au kumbuka kitu kisichohama: kona ya kizingiti, tundu la msumari. Picha ya "kabla" haiwezi kupigwa baadaye. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla fundi hajagusa kitu, piga picha nyingi kupita unavyodhani utahitaji.

Kisha muulize fundi swali moja huku unarekodi: "Hapa ungekosea, kingetokea nini?" Swali la "unafanya nini" huleta jibu fupi la kitaaluma. Hili la pili humfanya aweke chini mwiko, akuonyeshe kwa kidole.

Hatua ya 4: Piga picha na video kwa namna inayoonyesha maumbile ya ukuta

Ukuta ukipigwa jua la mchana kutoka mbele unaonekana bapa, hata ukiwa umejaa nyufa. Subiri asubuhi au jioni, mwanga uje kwa pembeni, kila mpasuko na kila alama ya patasi itatoa kivuli chake. Ndani ya jengo fanya hivyohivyo kwa tochi: iweke karibu kabisa na ukuta, imulike sambamba nao.

Rekodi video za wima, kwa kipimo cha 1080 kwa 1920, kwa kuwa watu hutazama kwa simu. Shika simu imara, au iweke kwenye stendi, na kila pande la video lisipungue sekunde kumi bila kutikisa wala kuvuta karibu. Acha sauti ya kazi isikike. Mlio wa mwiko juu ya jiwe unashinda muziki wowote utakaouchomeka, na muziki wenyewe mara nyingi una haki za mtu.

Weka kitu cha kupimia ukubwa: mkono, rula, mtu aliyesimama. Bila hivyo nakshi ya upana wa kiganja na ya upana wa mlango zinafanana.

Maneno yanayosemwa kwenye video yaandikwe pia chini ya video, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti na wengine hawasikii kabisa. Na kila picha ijazie maelezo mbadala yanayosomwa na programu za wasioona. Usiandike "picha ya ukuta". Andika "ukuta wa mawe ambao nusu ya chini imemenyeka, fundi amepiga goti akitoa saruji kwa patasi". Watu wa urithi tunapigania kila mtu afike kwenye jengo, basi tuanze na picha zake.

Hatua ya 5: Andika kama mtu anayemweleza jirani

Nitaonyesha chapisho moja kwa mitindo miwili. Hili la kwanza utalikuta popote:

"Taasisi yetu ikiendelea na zoezi la ukarabati wa jengo la kihistoria kwa lengo la kuenzi na kudumisha urithi wetu adhimu kwa manufaa ya vizazi vijavyo."

Hakuna uongo hapo, ila hakuna pa kushika. Jengo lipi, sehemu ipi, limefanywa nini, kwa nini? Sasa hili:

"Kona hii ya ukuta ilikuwa inalowa kila mvua ikinyesha. Zamani mtu aliipaka saruji akidhani anayazuia maji yasiingie. Maji yaliendelea kuingia kwa juu na kutoka ardhini, ila njia ya kutokea ikawa imezibwa. Yakatafuta kupita kwenye jiwe, chumvi ikabaki ndani ya jiwe, jiwe likaanza kumenyeka kama unavyoona. Wiki hii fundi ameitoa saruji yote kwa patasi na nyundo. Mashine ingemaliza kwa siku moja, lakini ingepasua kingo za mawe. Sasa ukuta unaachwa ukauke, kisha utapigwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Ukuta wa nyumba yako unamenyeka karibu na ardhi? Piga picha, tutumie kwenye ujumbe, tutakujibu."

Angalia linavyokwenda. Limeanza na kitu kinachoonekana kwenye picha. Limeeleza chanzo. Limeonyesha uamuzi mgumu wa fundi, wa kuacha mashine. Limeisha na tendo lile tulilolichagua hatua ya kwanza. Neno "urithi" halimo, na msomaji ameuelewa vizuri kuliko lingekuwemo mara tatu.

Maneno ya kitaalamu yatumie pale tu kitu chenyewe kipo kwenye picha. Ukisema "kiungo cha boriti", kionyeshe.

Vichekesho si lazima. Mwezi Aprili 2018 jumba la makumbusho ya maisha ya vijijini huko Reading, Uingereza, liliposti picha ya zamani ya kondoo dume mkubwa ajabu kwa maneno machache ya mshangao, ikasambaa duniani kote, na tangu hapo taasisi nyingi zimejaribu kuiga utani ule. Kilichofanya kazi pale ni kwamba mtu alishangaa kweli mbele ya kitu kilicho kwenye ghala lake, akatushirikisha. Mwezi Machi 2020 makumbusho ya National Cowboy & Western Heritage huko Oklahoma City yalipofungwa kwa sababu ya korona, mkuu wa ulinzi aliyebaki jengoni alikabidhiwa akaunti za mitandao. Akaandika kwa lugha yake ya kila siku, akionyesha vitu alivyovipitia katika doria, na watu wakamiminika kumfuata. Katika taasisi yenu yupo mtu wa namna hiyo. Pengine ni mlinzi, pengine ni fundi mkongwe, pengine ni mama anayesafisha ukumbi na kujua kila bao la sakafu linalolia. Mtafuteni, mwombeni ridhaa, mumpe nafasi ya kuzungumza.

Na msidhani mafundisho ya kale hayana nafasi kwenye mitandao ya vijana. Makumbusho ya wazi ya Black Country Living Museum huko Dudley, Uingereza, yaliingia TikTok mwaka 2020 kwa video za wafanyakazi waliovaa na kuzungumza kama watu wa zama zilizopita, wakapata wafuasi zaidi ya milioni moja.

Hatua ya 6: Ruhusa, na usalama wa jengo

Hatua hii isirukwe, kwa kuwa chapisho moja linaweza kuliumiza jengo lenyewe.

Wezi nao wako mitandaoni. Madini ya risasi na shaba yaliyoezekwa paani, milango ya nakshi, vitasa, vigae vya zamani, vyote vina soko. Usioneshe paa la risasi lililo wazi huku jengo halina mlinzi. Usitangaze kwamba nyumba ni tupu. Zima taarifa ya mahali kwenye kamera ya simu, na chapisho lenye kitu cha thamani lipandishwe kazi ikishakwisha na kitu kikiwa kimefungwa au kimehamishwa. Kama ni mabaki yaliyochimbuliwa ardhini, taja eneo kwa ujumla tu.

Watu waombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa: mafundi, wakazi, na watoto kupitia wazazi wao. Jengo la kale lenye watu ni nyumbani kwa mtu, hivyo vyombo vyake na kitanda chake visionekane. Nyumba za ibada zina taratibu zake, uliza kwanza. Droni ina sheria zake katika kila nchi.

Picha za zamani zina mwenyewe. Kuikuta mtandaoni si ruhusa ya kuitumia, tafuta aliyepiga au anayeihifadhi, umtaje. Hata jengo linaweza kuwa na haki: nchini Ufaransa mnara wa Eiffel wenyewe unapigwa picha bila shida mchana, lakini mpangilio wa taa zake za usiku unalindwa na hakimiliki, na matumizi ya kibiashara ya picha hizo yanahitaji kibali.

Jambo la mwisho hapa ni kofia ngumu. Kabla ya kuposti video ya fundi, mwangalie kutoka kichwani hadi miguuni. Akiwa juu ya jukwaa bila mkanda, au anazima chokaa, yaani kuimwagia maji, bila miwani, usiiposti. Nenda ukamwambie avae.

Hatua ya 7: Panga kalenda inayofuata kazi na majira

Machapisho mawili kwa wiki yanatosha taasisi ndogo, yakiwa ya siku zinazojulikana. Ukienda eneo la kazi mara moja na kurekodi vizuri unarudi na vipande vya mwezi mzima, kisha unavipanga vijiposti vyenyewe kwa zana za mtandao husika.

Majira yakuongoze. Kabla ya mvua, onyesha mifereji ya paa, vigae vilivyohama, miche inayoota kwenye nyufa. Wakati wa mvua, onyesha maji yanavyotembea ukutani. Ukame ukija, ndipo pa kueleza chokaa na kwa nini inafunikwa magunia mabichi isikauke haraka.

Kisha kuna tarehe za dunia. Tarehe 18 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Kumbukumbu na Maeneo ya Kihistoria. ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa fani hii, lilipendekeza siku hiyo mwaka 1982 na UNESCO ikaiidhinisha mwaka 1983. Kila mwaka hutolewa mada. Andaeni chapisho lenu wiki mbili kabla, maana siku yenyewe kila mtu anaposti. Septemba ni mwezi wa milango wazi katika nchi nyingi: Ufaransa ilianza mwaka 1984, na kupitia Baraza la Ulaya mtindo huo ukawa wa bara zima mwaka 1991. Msisubiri mwaliko. Mlango uliofungwa mwaka mzima ukifunguliwa siku moja, hilo ni tukio.

Septemba pia kuna shindano la picha liitwalo Wiki Loves Monuments, lililoanzia Uholanzi mwaka 2010. Washiriki hupiga picha za majengo ya kihistoria na kuzitoa kwa leseni huria, zikapata kutumika Wikipedia. Ukiwahamasisha wafuasi wako washiriki unapata faida ambayo haizimiki baada ya siku mbili kama chapisho la kawaida: jengo lako linabaki na picha nzuri mahali ambapo watu hutafuta habari.

Hatua ya 8: Jibu watu, hasa wanaokulaumu

Maoni chini ya chapisho ndiyo taasisi kwa macho ya umma. Swali lijibiwe ndani ya siku moja. Mtu akiandika "babu yangu alifanya kazi hapo", usimpe kidole gumba. Muulize jina la chumba, mwaka, kama ana picha. Nimeona vyumba vikipata maelezo yake halisi kwa njia hiyo, baada ya michoro yote kupotea.

Lawama itakuja, na mara nyingi itasema: "Mnaliharibu." Mtu ameona ukuta umevuliwa plasta, kwa jicho lake ni uharibifu. Jibu lenye vipande vinne hutosha: tunaondoa nini, kwa nini, nani amekagua, na nini kinaweza kurudishwa. Lipandishe hadharani, si kwenye ujumbe wa faragha, kwa sababu mamia wanaosoma kimya wana swali hilohilo.

Kumbukeni pia kwamba kazi mbovu husambaa haraka kuliko nzuri. Mwezi Agosti 2012 mchoro wa ukutani wa Kristo katika kanisa huko Borja, Hispania, uliopakwa upya na mtu asiye mtaalamu, ulionekana duniani kote kwa siku chache. Wageni walifurika mjini kuutazama, ni kweli, lakini mchoro wa awali ulikwisha pata madhara. Taasisi iliyokwisha wafundisha wafuasi wake jinsi kazi njema inavyofanyika ina mashahidi tayari siku watu wanapouliza nani aaminiwe na ukuta.

Andaeni mapema chapisho la dharura: moto, kuporomoka, mafuriko. Msemaji awe mmoja, na la kwanza lisemwe mapema hata kama ni fupi: watu wako salama au la, eneo limefungwa, taarifa inayofuata saa ngapi. Mkikaa kimya, uvumi utajaza nafasi. Notre-Dame de Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, picha na madai ya uongo yalianza kuzunguka moto ukiwa bado unawaka.

Hatua ya 9: Lifanye jengo liwe la watu kabla halijawa hatarini

Baada ya moto ule wa Paris, ahadi za michango zilipita euro milioni 800, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Dunia nzima iliona mnara ukianguka mubashara. Paa lako linalovuja tone kwa tone halina moshi, kwa hiyo hakuna atakayeliona mpaka uliweke mbele ya macho yake. Funga simu juu ya ndoo inayopokea maji ya dari, rekodi, andika kiasi cha fedha kinachohitajika kuziba tundu hilo moja, si cha jengo zima. Mtu anaweza kuchangia vigae vya mita moja ya mraba. Hawezi kuchangia "urithi". Kisha, hapa wengi huishia njiani, rudi baadaye uoneshe tundu lilelile likiwa limezibwa na ndoo ikiwa kavu. Anayeona mchango wake ukiwa umefanya kazi huchangia tena.

Kwa majengo yanayotishiwa kubomolewa, njia rahisi ninayoiamini ni ile ya shirika la Marekani la National Trust for Historic Preservation kwenye kampeni yake iitwayo This Place Matters. Mtu huchapa kibao chenye maneno hayo, yaani mahali hapa pana umuhimu, husimama nacho mbele ya jengo analolipenda na kuposti picha. Tengenezeni kibao chenu kwa lugha yenu. Msianze na wataalamu. Anzeni na aliyefunga ndoa pale, aliyesoma pale, mwenye duka la mkabala. Ofisi ya mipango miji inaweza kuipuuza barua ya chama kimoja, lakini nyuso mia mbili za wakazi mbele ya jengo hilohilo ni hoja nyingine.

Mji wa New York ulijifunza kwa gharama. Kituo cha treni cha Pennsylvania kilianza kubomolewa mwaka 1963, waandamanaji wakiwa wachache, na hasira iliyofuata ndiyo iliyosaidia kupatikana kwa sheria ya kulinda majengo ya mji mwaka 1965. Sheria ilikuja, kituo hakikurudi. Kusanya nyuso hizo wakati jengo bado limesimama na hakuna anayelitaka.

Hatua ya 10: Pima, na uhifadhi picha halisi

Kila mwisho wa mwezi angalia tendo la hatua ya kwanza. Wenye nyumba wangapi walituma picha za kuta? Wangapi walikuja, na mlangoni waliulizwa walitusikia wapi? Kwenye takwimu za ukurasa tazama zaidi idadi ya waliohifadhi chapisho na waliolituma kwa wengine, kwa kuwa anayehifadhi anakusudia kulitumia. Chapisho lililopendwa na maelfu lisilomleta hata mtu mmoja limekufundisha kitu kuhusu picha nzuri, si kuhusu jengo. Lililofanya vizuri lirudie kwa ukuta mwingine, mlango mwingine, fundi mwingine.

Halafu picha zenyewe. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao ni msingi wa taaluma ya uhifadhi, unadai kazi yote ya ukarabati iwekewe kumbukumbu kamili kwa michoro na picha, na kumbukumbu hizo zitunzwe mahali zinapoweza kupatikana na watafiti. Ukiwa umefuata hatua ya tatu, tayari unazo: sehemu zilezile, pembe ileile, kuanzia kabla ya kazi mpaka mwisho. Ila usizitegemee zilizo mtandaoni, kwa sababu mitandao hubana picha na kufuta taarifa zake, na akaunti inaweza kufungwa usiku mmoja. Hamisha faili halisi kutoka kwenye simu siku hiyohiyo. Lipe kila moja jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha jengo, kisha sehemu: 2025-03-14_ukumbi_ukuta-wa-mashariki_kabla-ya-kutoa-saruji. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, na moja mpe msimamizi wa kazi, kwa sababu fundi atakayeufungua ukuta huo baada ya miaka arobaini atataka kujua kilichoachwa ndani yake.